Injini Mbili za Ujazo Mmoja
(Magari ya Kawaida Yageuzwavyo Kuwa ya Mbio: Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna petroli inavyoungua ndani ya silinda na kuisukuma pistoni. Leo azma yetu ni kujibu swali ambalo vijana wa Mbwera, huku kwetu katika delta ya Rufiji, huliuliza kila wavukapo kwa mashua kwenda Nyamisati, wakapanda hadi Bungu na Kibiti na kuyaona magari yanayopita kuelekea Kusini: yawezekanaje magari mawili yenye jina moja, yaliyotoka katika kiwanda kimoja, moja likawa la kwendea sokoni na kupelekea watoto shule, na la pili likawa chombo cha mbio kinachoyaacha nyuma magari makubwa yenye bei ya kutisha?

Mfano ulio karibu nasi mno ni Peugeot 404, gari lililotoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na mafundi wa Pininfarina wa Italia, na ambalo wazee wetu walilijua kwa safari ndefu, kwa teksi na kwa kubeba mizigo bila manung'uniko. Injini yake ilikuwa na silinda 4 zenye ujazo wa jumla ya sentimita za ujazo 1618, na nguvu zake, kwa kipimo cha zama zile, zilikuwa kama za farasi 72, kadiri ya kumfikisha mtu aendako na si zaidi. Walipotaka kulitia gari hili makali, mafundi hawakuikuza injini ile. Waliiondoa kabureta, na mahali pake wakaweka pampu ya Kugelfischer, kazi ya Wajerumani, iliyoipima petroli kwa uangalifu na kuipelekea kila silinda fungu lake, hata nguvu zikapanda kufikia farasi 85, na baadaye zikapita 90.

Kwa gari hilo la injeksheni Bert Shankland wa Tanzania, akisomewa njia na Chris Rothwell, alishinda mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1966, akarudia mwaka 1967. Nao Nick Nowicki na Paddy Cliff walikuwa wameshashinda kwa 404 mwaka 1963, wakashinda tena mwaka 1968. Na katika miaka hiyo yao miwili yaliyofika mwisho yalikuwa magari 7 tu, ilhali yaliyoondoka yalikuwa 84 katika mwaka wa kwanza na 93 katika ule wa pili. Hesabu hiyo yastahili kutafakariwa. Mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, na yale yaliyozama matopeni au kuvunjika springi aghalabu hayakukosa nguvu. Yalikosa uvumilivu wa mwili. Fauka ya hayo, mashindano yalipoanzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, magari yalipangwa katika madaraja kwa bei yake ya dukani, wala si kwa ukubwa wa injini, ili mnunuzi wa kawaida apate kujua fedha yake ingemfikisha wapi. Naona hiyo ilikuwa kanuni ya busara kuliko nyingi zilizofuata.

Sasa tuje kwa Toyota Vitz, ambalo msomaji wa Kibiti hana haja ya kuelezwa. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, na Ulaya likaitwa Yaris. Lile la injini ya lita 1 lilikuwa na nguvu za farasi 70, nalo likapendwa kwa sababu halinywi mafuta na spea zake hupatikana kila mahali. Mwaka 2020 Toyota wakatoa GR Yaris, lenye silinda 3 ambazo ujazo wake kwa jumla ni sentimita za ujazo 1618, sawasawa na ule wa 404 ya kale, bila kupungua wala kuzidi. Lakini nguvu zake, kwa gari lililouzwa Japani mwaka huo, zilikuwa za farasi 272!

Siri ni hewa. Kila gramu moja ya petroli huhitaji karibu gramu 15 za hewa ili iungue vyema, na silinda inayovuta hewa kwa pumzi zake yenyewe haiwezi kupata zaidi ya nafasi iliyo nayo. Kifaa kiitwacho tabo huondoa mpaka huo. Moshi unaotoka kwenye injini, ambao katika gari la kawaida hutupwa nje pamoja na nguvu zake zote, huelekezwa kwenye gurudumu dogo na kulizungusha kwa kasi ya ajabu; gurudumu hilo limeshikana kwa mhimili mmoja na jingine linalobana hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo huzidishwa, na nguvu huongezeka. Ila hewa iliyobanwa hupata joto, na hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo hupitishwa kwanza katika rejeta yake ya kuipoza. Na pistoni, vyuma vya kuziunga, vali na njia za oili, vyote hapana budi viwe imara zaidi, kwa kuwa vyuma vilivyowafaa farasi 70 vitavunjwa na farasi 272 kabla ya jua kuchwa.

Hapa ndipo nipatapo uchungu nikiwaona vijana wetu wakibadilisha eksozi ya Vitz ili ingurume, wakakata springi ili gari liinamie barabara, wakaamini wamepata gari la mbio. Gari liongezapo mwendo mara mbili, nishati ambayo breki lazima ziimeze ili lisimame huwa mara nne. Na breki zile zile za kiwandani, zilizopimiwa mwendo wa kwenda sokoni, hupata moto na kulegea katika mteremko wa kwanza. Baharia yeyote wa delta yetu anafahamu kwamba haifai kuifunga ngalawa tanga la jahazi pasipo kugusa matengo yake. Waliolitengeneza GR Yaris walianza na mwili: wakaupunguzia milango ukabaki na mitatu, wakaufanyia paa la nyuzi za kaboni ili uzito usikae juu, boneti na milango ya alumini, breki pana za diski, na nguvu ya injini wakaigawa kwa magurudumu yote manne, ilhali Yaris la kawaida aghalabu husukumwa na magurudumu mawili ya mbele.

Mashindano ya dunia ya rali yaliporejea Kenya kwa jina lile lile la Safari mwaka 2021, yakafanywa Naivasha, Toyota walishinda, na mwaka 2022 magari yao ya GR Yaris yalishika nafasi zote nne za kwanza, Kalle Rovanperä akiwa mbele. Sina budi kusema wazi, hata hivyo, kwamba gari lile la Naivasha la mwaka 2022 halikuwa lile liuzwalo dukani: chini ya sura ya Yaris mlikuwa na fremu ya mabomba ya chuma iliyoundwa kwa mashindano tu, na mota ya umeme ikiisaidia injini. Lile la Shankland mwaka 1966 lilikuwa 404 kweli kweli, mwili wake ukiwa ule ule wa teksi ya Dar es Salaam, na kwa hiyo mimi huuhesabu ushindi wake kuwa mkubwa zaidi, ijapokuwa farasi wake walikuwa kama theluthi ya wale 272 wa GR Yaris ya dukani. Mrithi wake wa haki ni GR Yaris ya barabarani, yenye nambari ya usajili na nafasi ya kuweka mzigo nyuma.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza difu na namna nguvu inavyogawanywa baina ya magurudumu manne, kwa kuwa katika tope jeusi la huku kwetu hilo lina manufaa kuliko mwendo wenyewe.