Wasia Usioandikishwa na Mikarafuu ya Marehemu

Mzee ameacha karatasi: katika mikarafuu yake 90, mjukuu yatima apewe 40. Haikuandikishwa popote, na warithi wamekataa. Je, wasia umekufa? La. Kwa sheria ya Kiislamu Kadhi atataka mashahidi. Mazishi na madeni hutangulia, kisha wasia usipite thuluthi. Marehemu akiwa hana mali nyingine wala deni, na miti ina thamani moja, mjukuu atapata 30. Zile 10 mpaka warithi waridhie. Lakini angeandikiwa mwana, ambaye ni mrithi, asingepata hata mmoja kwa wasia ila kwa ridhaa ya wenziwe. Wengi hawalijui hili.

Shauri likingali kwa Kadhi, karafuu hazingoji. Chagueni mmoja asimamie uchumaji, pishi ziandikwe mbele ya wote, fedha ziwekwe amana. Mtu asiuze mkarafuu wala kuuweka rahani.