Hazina isiyo na kopo

Tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya Marekani kuondoa kizuizi kilichokuwa kikivuruga GPS ya raia, Dave Ulmer alificha ndoo msituni Oregon, akatangaza ilipo. Mchezo wa jiokashi, wa kutafuta kwa GPS hazina zilizofichwa ndani ya makopo, ukazaliwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Juni, majeshi ya Uganda na Rwanda yalianza kupigana ndani ya Kisangani, Kongo. Kwa siku sita mji ukapigwa makombora zaidi ya 6,000. Wakazi wa mji huo hawahitaji kuelezwa kwa nini kopo lililofichwa chini ya daraja linatia hofu.

Ndiyo maana hazina isiyo na kopo ingewafaa. Unapewa majira ya mahali kwenye ramani, unafika, unathibitisha kwamba umefika. Na GPS yenyewe haili mega za intaneti.

Hazina hizo zilikuwapo, zikaharibika. Watu walisajili hadi kiatu kilichotupwa porini. Wengine walidai wamefika ilhali hawajatoka sebuleni. Mwaka 2005 wenye mchezo, kule Seattle, wakakataa mpya. Agosti 2017 wakafungua mlango nusu: wachezaji 4,000 wakaruhusiwa kuweka moja moja. Uhakiki ni kazi ya aliyeiweka: aulize swali, au adai picha.

Sheria nzuri, mpaka uilete Kisangani.

Chukua maporomoko ya Wagenia. Magogo yamesimikwa matatu matatu kwenye miamba, yamefungwa kwa kamba za mwituni, maji yanarusha povu chini yake. Vikapu vikubwa vya kunasia samaki, vyenye umbo la pia, vinaning'inia, midomo ikiukabili mkondo. Ukiuliza magogo ni mangapi, mto ukijaa jibu lako linakwenda na maji. Ukiuliza midomo inatazama wapi, nimeshalitoa jibu hapa, halina kazi tena. Hapo dai picha: mkono juu ya gogo, na karatasi yenye jina la mchezaji na tarehe ya siku hiyo.

Sasa panda toleka, teksi ya baiskeli, hadi daraja la Tshopo, jirani na bwawa la umeme. Dai picha huko uone. Mgeni anayelielekezea daraja simu anaweza kushinda siku nzima akihojiwa. Hapo swali moja linatosha, la kitu ambacho mtu hukiona akiwa amesimama palepale, simu ikiwa mfukoni.

Na makaburi ya waliouawa Juni ile? Mimi singeweka mchezo wowote hapo, uwe na uhakiki au usiwe nao.

Kuna hatua ambayo picha na swali haviwezi kuchukua nafasi yake, nayo ni ruhusa. Wagenia, wavuvi wa maporomoko yale, wana wazee wao, na mitego ile ni riziki ya watu. Kabla hujaandika majira, nenda kwanza ukawasalimie.