Soma Shafti Iliyokatika Kabla ya Kununua Nyingine

Mwaka 1960 boti iitwayo Moppie, mali ya Richard Bertram, ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau huku bahari ikiwa imechafuka. Tumbo lake lenye umbo la V kali, ubunifu wa Ray Hunt, lilipasua mawimbi yaliyowashinda wengine. Tangu hapo boti za mbio zimezidi kuruka. Lakini chombo kinachoruka lazima kitue, na kikitua, pigo huishia kwenye shafti inayopeleka nguvu za injini kwenye propela.

Injini ya nguvu za farasi 500 inayozunguka mara 5,000 kwa dakika husokota shafti yake kwa nguvu ya nyutoni-mita 712 hivi. Gia ikipunguza mzunguko mara moja na nusu, shafti ya propela hubeba kama 1,070. Mzigo huo shafti nzuri huuvumilia. Hatari huja propela inapotoka majini: injini hukosa cha kusukuma, mzunguko hupanda ghafla, kisha maji huidaka propela mara moja. Uzito wote unaozunguka ndani ya injini hulazimika kupunguza kasi papo hapo, na msokoto unaopita kwenye shafti huzidi kwa mbali ule ambao injini yenyewe hutoa.

Shafti ikikatika, wengi hukimbilia kununua iliyo nene zaidi. Hilo ni kosa. Kama chanzo hakijaondolewa, mzigo utahamia kwenye krosi, gia au beringi. Kwanza usome uso wa mkato.

Chukua chaki, ishike ncha zote mbili, uisokote. Itakatika kwa mshazari, kama parafujo. Shafti iliyokatika hivyo imeshindwa na msokoto: ama chuma chake ni kigumu kupita kiasi, ama ufa ulikua kidogo kidogo kwa misokoto ya kurudiarudia.

Ukikuta mkato ulionyooka, wenye alama za kuzunguka kama nywele za kisogoni, na meno ya shafti yamepinda, hilo ni pigo moja kubwa. Huenda propela iligonga gogo, au boti ilitua huku mafuta yamefunguliwa yote.

Mkato ulionyooka wenye mistari kama ya gamba la chaza una habari nyingine. Kila mstari ni hatua ya ufa uliosafiri muda mrefu, na chanzo chake mara nyingi ni kupinda: injini haikulingana na shafti, au propela imepinda. Fuata mistari hadi inakoanzia. Utakuta kishimo cha kutu, kona kali isiyoviringwa au mkwaruzo wa tupa. Usidharau mikwaruzo wala kutu inayokula chuma: kipenyo kikipungua kwa asilimia 10, mkazo juu ya chuma hupanda kwa asilimia 37 hivi.

Unga mwekundu wa kahawia kwenye meno ya shafti maana yake grisi imeisha na vyuma vinasagana. Na usidanganywe na jina la chuma kisichoshika kutu. Kikifunikwa na maji yaliyotuama, yasiyo na oksijeni, huliwa vishimo.

Kinga dhidi ya haya yote ni kazi ya kawaida, ila isikosekane. Kwa boti yenye injini ndani na shafti iliyonyooka, pima ulinganifu wa injini na shafti ikiwa majini, kwa sababu tumbo hubadilika umbo likiwa nchi kavu. Kanuni ya mafundi ni kwamba nafasi kati ya nyuso mbili za flanji zinazounganisha gia na shafti isitofautiane zaidi ya milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za upana wake. Sawazisha propela. Pakaza meno grisi ya baharini. Kila msimu, kagua shafti kwa rangi inayopenya kwenye nyufa, kwani ufa mchanga hauonekani kwa macho.

Boti nyingi za mbio za baharini huwa na mtu wa pekee wa kushika mafuta, mbali na mshika usukani. Huyapunguza boti inapoacha maji, huyarudisha propela inaposhika tena. Mkono wake huiokoa shafti kuliko unene wowote wa chuma.

Ikikatika hata hivyo, usivikutanishe vipande kuona kama vinaoana. Vitasuguana na kufuta alama zote. Vipake mafuta, kila kimoja kifunge kwenye kitambaa chake, umpelekee fundi.