Vijinyuzi vinavyochagua yai la kuishi

Je, wajua kwamba mtoto wa kike huzaliwa akiwa tayari na akiba yake yote ya mayai? Siku anapozaliwa, ovari zake mbili huwa na mayai kati ya milioni 1 na milioni 2. Afikapo umri wa kuvunja ungo, huwa yamebaki kama 300,000 au 400,000 hivi. Na katika maisha yake yote, yatakayokomaa na kutoka ni kama 400 tu.

Mengine huenda wapi? Hufa, tena kwa utaratibu maalumu. Si laana, wala si adhabu kwa kosa la mtu.

Kila yai hukaa ndani ya kifuko chake, limezungukwa na seli ndogo ndogo zinazolilisha na kulilinda, mfano wa yaya na mtoto. Seli hizo zikiongezeka, kifuko hukua. Zikianza kufa, yai nalo huangamia. Kila mwezi vifuko kadhaa huanza kukua pamoja, lakini kwa kawaida kimoja tu ndicho hufika mwisho. Katika vile vingine, seli hupokea amri ya kujiua.

Amri hiyo hutoka wapi? Homoni zina sehemu yake. Sehemu nyingine ni ya vijinyuzi viitwavyo maikro-RNA.

Ili uelewe, fikiria jiko la hoteli kubwa. Kitabu cha mapishi hufungiwa ofisini. Hicho ndicho DNA, iliyo ndani ya kiini cha seli. Mpishi huletewa nakala ya pishi moja tu, nayo ndiyo RNA ya ujumbe. Chakula anachopika ni protini. Sasa maikro-RNA, yenye urefu wa herufi 22 hivi, hujibandika juu ya nakala ile. Mpishi hushindwa kuisoma, na mara nyingi nakala yenyewe huchanwa. Pishi likizuiwa ni la protini ya kuua seli, seli huishi. Likiwa ni la kuikuza, seli hudhoofika.

Maikro-RNA ya kwanza ilitangazwa mwaka wa 1993 na Victor Ambros na wenzake huko Marekani. Waliipata katika mnyoo wa urefu wa milimita 1 tu, na Gary Ruvkun akasaidia kueleza inavyofanya kazi. Wengi walidhani hayo ni mambo ya minyoo, hadi mwaka wa 2000 kikundi cha Ruvkun kilipopata nyingine iliyomo hata kwa binadamu. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2024.

Na katika ovari je? Mwaka wa 2010, watafiti wa Marekani walizuia maikro-RNA iitwayo miR-21 katika ovari za panya. Seli za kulea yai zilikufa kwa wingi, na mayai yaliyotoka yakapungua. Yaani miR-21 huziokoa seli hizo. Katika nguruwe, nyingine iitwayo miR-26b ilionekana kufanya kinyume chake: huzisukuma kufa.

Huenda ukauliza, mbona basi wanawake wanaotafuta watoto wasiongezewe hiyo miR-21? Upanga huu hukata kuwili, msomaji. miR-21 hiyo hiyo hupatikana kwa wingi katika saratani nyingi, ikiwemo ya ovari, kwani saratani ni seli zinazokataa kufa zinapopaswa. Dawa ya kuokoa yai huenda ikaokoa pia seli mbaya.

Ndiyo sababu hadi leo hakuna dawa ya maikro-RNA iliyoidhinishwa kutibu utasa. Ukikutana na mtu anayeuza vidonge vya "kufufua mayai", usimpe pesa zako.

Lililo bora ni hili: mume na mke wakijaribu kupata mtoto kwa mwaka mzima bila kufanikiwa, waende hospitali. Mke akiwa na umri wa miaka 35 au zaidi, wasingoje zaidi ya miezi 6. Waende pamoja, kwa maana tatizo laweza kuwa la mume pia. Na jamaa walioko nyumbani wakome kumnyooshea mke kidole. Mayai yake yalianza kupungua kabla hata hajazaliwa, na ndivyo ilivyo kwa kila mwanamke.