Bibi Maktaba na kidole cha mtu asiyemjua

DOC-20200417-WA0031. Hilo ndilo jina lililokuwa juu ya kitabu nilichotumiwa na binamu yangu. Naye alitumiwa na mwenzake wa kazini, aliyetumiwa na mtu mwingine. Nilipomuuliza ni kitabu gani, alisema hajui, jalada halipo. "Mpelekee Bibi Maktaba, Tanga," akaniambia. "Vya aina hiyo vyote huishia kwake."

Bibi Maktaba, kama wanavyomwita watoto wa barabara yake hapo Ngamiani, ni mkutubi mstaafu wa shule ya sekondari. Jina lake halisi ameomba nisiliandike, na sababu itaonekana mbele. Ukutubi aliusomea Bagamoyo, akautumikia enzi za kadi na visanduku vya mbao. Maktaba aliyo nayo leo imo ndani ya kompyuta mpakato yenye bawaba iliyofungwa selotepu, nayo inakua kila wiki, apende asipende, maana kila mwenye PDF asiyoijua humrushia yeye.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe hilo faili."

Alilisoma jina lake kipande kwa kipande. DOC ni hati. Tarakimu nane zinazofuata ni tarehe: mwaka 2020, mwezi wa nne, siku ya 17, siku ambayo simu ya mtu fulani ilikipokea kitabu hicho. WA ni WhatsApp. 0031 ni namba ya mfululizo ya siku hiyo. Mtunzi hayumo, wala anwani ya kitabu haimo.

"Shule zilifungwa Machi mwaka ule kwa ajili ya korona," alisema. "Walimu wakatuma, wazazi wakatuma, watoto wakatumiana. Nikiyapanga mafaili yangu kwa tarehe, miezi ile imefurika."

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Kabla ya kulibadili jina, alilinakili lile la zamani herufi kwa herufi na kulibandika kwenye sehemu ya maelezo. Nilimuuliza anahifadhia nini takataka hiyo.

"Maktabani kitabu hakipandi rafuni kabla hakijaandikwa kwenye daftari la kuingizia vitabu: namba, tarehe, kimetoka wapi. Hivi vimenijia bila daftari. Jina hili unaloliona baya ndilo daftari pekee nililo nalo."

Ndipo alipokifungua. Kurasa za mwanzo hazikuwemo. Aliyekiskani alikuwa na nakala iliyochanika. Alipitia kurasa chache, akakutana na wahusika Bwana Msa na Najum, akaguna. "Muhammed Said Abdulla. Sasa ni kipi?" Aliendelea kidogo, kisha akaandika bila kusita: *Kisima cha Giningi*, 1968. Akakipa namba ya pili katika mfululizo, baada ya *Mzimu wa Watu wa Kale* cha 1960. Nilidhani kazi imekwisha. Yeye alirudi nyuma, akaikuza picha ya ukurasa mmoja mpaka pembe yake ya chini ikajaa kioo.

Pembeni palikuwa na kidole gumba. Kidole cha mtu aliyekuwa akikibana kitabu ili kilale sawa kwenye mashine, kimeingia kwenye picha pamoja na maneno. Ukucha wake una ufa unaoshuka mpaka kwenye nyama.

"Huyu namjua," alisema Bibi, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Sijui ni nani, lakini namjua."

Ana lebo maalumu kwa ajili yake: *Kidole*. Akiibonyeza, vinatokea vitabu vyote ambavyo ufa ule umeonekana mahali fulani ndani yake. Kuna riwaya za zamani, tamthiliya, diwani mbili tatu, hata kitabu cha ufugaji wa nyuki. Vimemfikia kwa njia tofauti na miaka tofauti, na hakuna aliyevileta anayemfahamu mwenye kidole. Katika kimoja, kidole kina kitambaa cha jeraha. Katika vingine ukucha umekatwa hadi chini. Bibi amejifunza tabia zake: kurasa alizo nazo hairuki hata moja, huskani hadi matangazo ya mchapishaji yaliyo nyuma, na penye ukurasa uliochanika huweka karatasi nyeupe chini yake ili maneno ya ukurasa wa pili yasijitokeze.

"Nikikuta nakala mbili za kitabu kimoja, nikaona moja ni ya Kidole, nyingine naifuta bila kuisoma," alisema. "Huyu alifundishwa kazi. Au alikipenda kitabu. Mashine za kuskani za ofisini zina kifuniko, mwanangu. Mtu anayeweka kidole amekiacha wazi ili asiuvunje mgongo."

Nilikaa na picha ile muda mrefu kuliko ilivyonibidi. Mtu amesimama mbele ya mashine saa kadhaa, ukurasa baada ya ukurasa, bila malipo na bila kuacha jina, na sahihi yake ikawa ufa wa ukucha.

Chombo anachotumia Bibi kinaitwa Calibre, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Kovid Goyal, aliyekuwa mwanafunzi wa fizikia Marekani na aliyetaka kukitumia kisomeo chake cha vitabu cha Sony kwenye kompyuta ya Linux. Anaisifu, lakini ana ugomvi nayo mmoja. Kwa desturi yake programu hiyo huchukua jina la mwisho na kulitanguliza katika upangaji. Shaaban Robert anakuwa "Robert, Shaaban". Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed wote wanaangukia kwenye Mohamed. Ngũgĩ wa Thiong'o anatafutwa kwa jina ambalo hakuna msomaji wake anayemtafutia.

"Mimi jina langu la mwisho ni la babu," alisema. "Ukinitafuta kwa hilo utampata marehemu." Aliingia kwenye mipangilio, akaiagiza iyaache majina kama yalivyo, kisha akayakokotoa yote upya. Mmoja tu bado anamsumbua: mwandishi wa *Hatia* na *Lina Ubani* aliyeandika tamthiliya akiitwa Penina Muhando, na vitabu vya kitaaluma akiitwa Penina Mlama. Kompyuta inaona watu wawili. Bibi anajua ni mmoja, lakini hajaamua amweke chini ya jina lipi, maana yote mawili ni yake.

Je, ana vitabu vingapi? "Usiniulize nina vingapi. Niulize vingapi naweza kukupa sasa hivi ukivitaja." Kila kitu kina nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na kwenye diski nyingine iliyo kwa binti yake Korogwe. "Nakala zinazokaa nyumba moja ni nakala moja. Mwizi hachagui."

Vya kununua mtandaoni havimvutii. Anakumbuka mwaka 2009, Amazon ilipofuta nakala za *1984* cha George Orwell kwenye visomeo vya watu waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja walirudishiwa fedha, vitabu vikaacha kufunguka. Na Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. "Kitabu ambacho muuzaji anaweza kuingia chumbani kwangu akakichukua," alisema, "hicho nimekodi."

Lakini vyake je, ni vyake kweli? Hapo ndipo alipoomba jina lake lisiandikwe.

Ana lebo nyingine tatu: *Gawa*, *Usigawe* na *Sijui*. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Euphrase Kezilahabi alifariki Januari 2020, hivyo *Rosa Mistika* iko salama mikononi mwa warithi wake mpaka 2070, na Bibi ameiandika *Usigawe*. Mwanafunzi akija kuiomba humsomesha palepale barazani, kisha humwelekeza duka la vitabu. Shaaban Robert alifariki 1962, lakini baadhi ya kazi zake, kama *Utubora Mkulima*, zilichapishwa baada ya kifo chake. Miaka ihesabiwe kuanzia lini? *Sijui*.

Nilimwambia kwamba hata kukaa na *Usigawe* kwenye kompyuta yake kuna watu watakaomlaumu. "Najua," alijibu. "Wana haki. Mtunzi naye anakula. Lakini nikivifuta, vile ambavyo havipo tena dukani nitavipata wapi?"

Lebo iliyojaa kuliko zote ni *Sijui*, na karibu kila kitabu cha Kidole kimo humo. Mjukuu wake anayemsaidia kompyuta anasema suluhisho ni rahisi: siku moja atavimwaga vyote mtandaoni, anayetaka achukue. Bibi amemkataza, ingawa anafahamu kwamba katazo hilo litadumu kadiri yeye atakavyodumu.

Amekwisha kuiandikia ofisi moja barua kwa mkono, na nakala yake amenionyesha. Ina swali moja. Kitabu kiliisha madukani tangu miaka ya themanini, mchapishaji amefunga, mtunzi na warithi wake hawajulikani waliko. Mwanafunzi akikihitaji leo kwa ajili ya mtihani, amwombe nani ruhusa?

Barua ile haijajibiwa. "Nyinyi wa magazeti," aliniambia, "liulizeni kwa sauti."