Mlango, Tundu na Ulimi: Istilahi za Viungio vya Kipakatalishi

Kipakatalishi, ambacho Watanzania wengi hukiita kompyuta mpakato, kimepata jina lake kutokana na kitenzi -pakata, yaani kuweka mapajani kama awekwavyo mtoto. Jina la chombo kizima, basi, halina matata. Matata yamo ubavuni mwake, penye matundu ya kuchomekea nyaya, ambapo Kiswahili kisemwacho na kile kiandikwacho havijapatana.

Mkaazi wa Kabazi, katika eneo la Subukia, Kaunti ya Nakuru, ambaye mashine yake haipokei umeme, aweza kusema tu kwamba "pale pa chaji pamelegea". Usemi huo ni safi kwa sarufi ya ngeli ya mahali, na fundi ataufahamu. Lakini akishuka Nakuru mjini kununua waya mwingine, "pale" hapamfai kitu. Muuzaji atataka kujua ni tundu la namna gani, naye asipoweza kulitaja atarudi na kitu kisichoingia, ilhali nauli imekwisha kuliwa.

Mfasiri mwenye haraka huligeuza neno port la Kiingereza kuwa "bandari". Hapo amefuata tahajia wala si maana. Neno hilo lina asili mbili za Kilatini: portus, mahali pa kutia nanga, na porta, lango. Maana ya kikompyuta yatokana na hiyo ya pili. Kiswahili kina "mlango", ambao tayari umepanuka hadi kuwa mlango wa bahari na hata sura ya kitabu. Hapana sababu ya kuunyima upanuzi mmoja zaidi.

Hata hivyo, mlango na tundu si kitu kimoja. Tundu ni uwazi unaoonekana na kuguswa. Mlango ni njia ya kupitishia habari, iwe na tundu au isiwe nalo: mlango nambari 443, upitao mawasiliano ya siri ya tovuti, haupo popote ubavuni mwa mashine. Mwalimu anayeyachanganya maneno haya mawili humpotosha mwanafunzi mapema sana.

Kwa sehemu zinazoingiliana, mafundi wa nchi nyingi hutumia sitiari ya dume na jike. Sitiari hiyo yafaa kwa VGA, kiungio cha mwaka 1987, ambacho plagi yake ina vijiti 15 katika safu tatu na tundu lake lina vishimo vya kuvipokea. Kwa USB-C, ambayo vipimo vyake vilitolewa mwaka 2014, mambo yamepinduka. Plagi yake ni ganda tupu, na kile kibamba chembamba chenye miguso kimesimama katikati ya tundu. Nani dume hapo? Maseremala wanalo neno "ulimi" kwa kile kipande cha mbao kinachoingia katika tundu la ubao mwingine, nalo laweza kuazimwa bila kutaja jinsia. Husemwa basi kwamba HDMI na USB-C zina ulimi tunduni. Neno "kichwa", ambalo lingefaa kwa ncha ya waya, limekwisha kutwaliwa na watu kwa lile bonge la chaji lichomekwalo ukutani; kulinyang'anya ni kazi bure.

Lakini umbo peke yake halitoshi kutoa jina. Nyaya mbili za USB-C zaweza kufanana kabisa, mmoja ukiwa na uwezo wa wati 60 na mwingine, tangu marekebisho ya mwaka 2021, wati 240. Tundu nalo laweza kupokea umeme, kupitisha picha, au kusafirisha data tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022, iliyoweka tarehe 28 Aprili 2026 kuwa mwanzo wa kulazimisha tundu hilo katika vipakatalishi vipya huko, imesawazisha umbo la tundu. Haikusawazisha kila kinachopita ndani yake. Kwa hiyo istilahi kamili hapana budi itaje umbo na kazi pamoja. Mnunuzi wa Kabazi aombe "waya wa USB-C ncha zote mbili, wa kuchajia, wati 100", na muuzaji hatakuwa na la kuuliza ila urefu.