Divai ya Nyanda za Juu na Ardhi ya Dzaleka

Aingiaye katika maduka makubwa ya Lilongwe, Malawi, na kuzielekea rafu za vinywaji ataona kwamba divai nyekundu zilizopangwa humo aghalabu zimesafirishwa kutoka Stellenbosch na Paarl, kusini kabisa mwa bara letu, ilhali mji wenyewe umekaa juu ya uwanda wa mita 1,050 hivi, na kimo ni katika mambo yaipayo divai rangi iliyokolea na nguvu mdomoni.

Sababu ya kimo kufanya hivyo ni bayana. Kila tupandapo mita 1,000 joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5, nayo miali ya jua huzidi ukali. Basi mchana zabibu hujikinga kwa kunenepesha ganda, na gandani ndimo ilimo rangi pamoja na ule ukakasi ukamatao ulimi, na usiku baridi huuhifadhi uchachu wa tunda. Ndiyo maana mtengenezaji huyaacha maganda ndani ya mchuzi wa zabibu unapochacha, akayazamisha kila yanapoelea, hata mchuzi ukaingia wekundu wa kukaribia weusi. Huko Salta, Argentina, shamba la Colomé limeipandisha mizabibu hadi mita 3,111 kwa kuitafuta sifa hiyo.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, maana Dodoma ipo. Mizabibu iliyopandwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana kabla ya uhuru leo imeenea Hombolo, Veyula na Mpunguzi, katika kimo cha mita 1,100 hivi, penye mvua isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka. Kwa kuwa hapo hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mti, mkulima mwenyewe huuamsha kwa makasi: hupogoa, akavuna baada ya miezi kadhaa, kisha akapogoa tena, akapata mavuno mawili kwa mwaka. Zabibu nyekundu iitwayo Makutupora haingoji mnunuzi ajivutaye. Hivyo wakulima wengi huikamua upesi na kuuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini Dowa, wilaya ya nyanda za juu za Malawi yenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, isiwe Dodoma ya pili. Mvua za Novemba hadi Aprili ni nyingi kuliko za Dodoma, na huleta ubwiri majanini. Lakini tangu Mei hadi Oktoba hewa ni kavu na kwa sehemu kubwa usiku ni wa baridi, na kwa rai yangu mizabibu iliyopogolewa kwa hesabu njema ingeweza kuivisha zabibu kabla mvua hazijarejea.

Kizuizi kikubwa kiko kwingine. Mzabibu hutaka nguzo, nyaya na subira ya miaka miwili au mitatu kabla ya mavuno ya maana, kisha huzaa kwa makumi ya miaka. Nao walioko Dzaleka, mahali palipokuwa gereza zama za Rais Banda na kugeuzwa kambi mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000, sasa ni zaidi ya 50,000, hasa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, wasio na hati ya shubiri moja ya ardhi. Malawi ilipouridhia mwaka 1987 Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti juu ya kazi, mwendo na milki. Na mwaka 2023 waliokuwa wakiishi na kuchuma riziki nje waliamriwa warudi kambini. Ndipo mama wa kambini, katika kipande kilichobaki kando ya nyumba yake ya matofali ya udongo, hupanda lengalenga, mboga ichumwayo kabla mwezi haujakwisha.

Hapandi hivyo kwa ujinga wa kilimo, wala wa uchachuaji, kwani kwao, Kivu ya Kongo au Burundi, pombe ya ndizi ni sanaa ya kurithi. Hupanda kwa kadiri ya muda aliohakikishiwa. Apewe mtu huyo nusu ekari na hati ya miaka 20, na serikali itakuwa imetimiza lile sharti la kwanza la divai nzito, yaani muda, ambalo kimo cha Dowa, kwa uzuri wake wote, hakiwezi kulitimiza peke yake.